Kapasita haifi ghafla: soma dalili kabla ya kupasha chuma cha kulehemu

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea TV ya inchi 32, ameifunga kanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii TV imeunguzwa na umeme. Juzi ulikatika, uliporudi haikuwaka tena mpaka leo."

"Kabla ya hapo, ukibonyeza remoti ilikuwa inawaka papo hapo?"

Akafikiri kidogo. "Aa, ilikuwa inachelewa. Asubuhi unabonyeza, unasubiri, unabonyeza tena. Wajukuu wakawa wanaipiga kofi kwa nyuma."

Sikuuliza zaidi. TV ile ilikuwa mgonjwa kwa miezi. Kwa kuwa haikuwa ikichomolewa ukutani, ndani ilibaki na joto la kutosha kujikongoja. Umeme ulipokatika usiku kucha ikapoa kabisa, na kapasita moja ndogo, yaani kidude cha kuhifadhi umeme kidogo, iliyokuwa imekauka ikashindwa kuiamsha. Ujazo wake mikrofaradi 47, volti 50. Bei yake ni ya maandazi mawili.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja huwa "ilianzaje?" Hitilafu ya kapasita ina historia. Kifaa kilicholia "paa!" kikazima hapo hapo, mara nyingi kina diodi (inayopitisha umeme upande mmoja) au transista (swichi ya umeme) iliyopiga shoti, na ukikimbilia kubadilisha kapasita utapoteza siku. Lakini kifaa kilichoanza kwa kuchelewa, kikaja kuguna, kisha kikawa kinagoma asubuhi na kukubali mchana, hicho kifungue ukiwa na kapasita mfukoni.

Kwa nini inakauka

Kapasita inayokufa zaidi ni ile ya mkebe wa alumini, yenye kichwa chenye mikato ya msalaba au ya herufi K. Ndani mna tabaka mbili za alumini nyembamba kama karatasi, zimeviringishwa pamoja na karatasi iliyolowa kimiminika cha kemikali. Joto hukipukutisha kile kimiminika kidogo kidogo kupitia mpira wa chini. Kikipungua, mambo mawili hutokea: mikrofaradi zinashuka, na ukinzani wa ndani, ambao mafundi wengi wanauita kwa herufi zake tu, ESR, unapanda. Huu wa pili ndio muuaji, na mita ya kawaida haiuoni.

Soma ubavuni mwa mkebe. Utakuta 85°C au 105°C. Kapasita nyingi za kawaida za 105°C zimeahidiwa saa 2000 kwenye joto hilo, yaani siku 83 tu zikiwaka mfululizo. Kinachotuokoa ni kanuni moja: kila joto likishuka nyuzi 10, umri unakaribia kuongezeka maradufu. Kapasita hiyo ikikaa kwenye nyuzi 65 itafika kama saa 32,000. Weka ya 85°C mahali pale pale na saa hushuka hadi 8,000, haifiki hata mwaka mzima kwa kifaa kisichozimwa. Sasa fikiria king'amuzi kilichowekwa juu ya king'amuzi kingine, ndani ya kabati la kioo, kimefunikwa kitambaa cha kudarizi.

Kabla hujagusa

Umeme wetu wa volti 230 ukishapita kwenye diodi nne unakuwa takriban volti 325 za moja kwa moja, na zinakaa ndani ya kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa waya. Nimeona watu wanaimaliza kwa bisibisi, cheche inaruka, ncha ya bisibisi inaliwa na diodi inaondoka nayo. Tumia rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5 iliyofungwa kwenye nyaya mbili zenye ngozi nzuri, shikilia sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita kuhakikisha imeshuka chini ya volti chache. Huna rezista, balbu ya kizamani ya wati 60 kwenye holda yenye nyaya mbili inafanya kazi hiyo hiyo.

Balbu hiyo hiyo itakufaa mara ya pili. Ifunge kwa mfululizo kwenye waya wa moto unaoingia kwenye kifaa. Ukiwasha, ikimulika mara moja kisha ikafifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, na umeokoa fyuzi na macho yako.

Feni inaguna lakini haizunguki

Huu ndio ugonjwa rahisi kuliko yote, na ndipo wateja wanapoliwa hela zaidi. Mteja anaambiwa mota imeungua, anauziwa feni mpya.

Zima umeme, zungusha panga kwa kidole. Likizunguka kwa ulaini na kuendelea kidogo lenyewe, bushi ni nzima. Likikwama au kukwaruza, safisha na utie mafuta ya cherehani kwanza, kapasita haihusiki. Likiwa laini, washa umeme kisha lisukume kwa kijiti, usitumie kidole. Likishika mwendo na kufuata upande uliolisukumia, hata ukilisukuma kinyume likaenda kinyume, kapasita imekwisha. Mota hizi zina koili mbili, na kapasita ndiyo inayoipa koili ya pili umeme uliotangulia kidogo ili mota ijue izunguke upande gani. Bila hiyo mota inatetemeka tu, inaguna na kuchemka.

Feni inayozunguka lakini imekuwa mvivu, namba tano inapuliza kama namba mbili, ni kapasita ile ile ambayo haijafa bado. Pangaboi mara nyingi hutumia kama mikrofaradi 2.5, na feni ya kusimama hutumia chini ya hapo, 1 hadi 2. Kisanduku cha plastiki chenye nyaya kimeandikwa namba zake. Ukiipima ukakuta 2.5 imekuwa 1.4, umeshamaliza uchunguzi.

Weka namba ile ile. Kuna wenzetu wanaweka 3.5 mahali pa 2.5 ili feni "ikimbie". Inakimbia kweli wiki mbili tatu, huku koili ya pili inapika, halafu mteja anarudi na feni inayonuka. Na hii kapasita haina hasi wala chanya, ni ya umeme wa mkondo geuzi, lazima iandikwe volti 400 au 450 AC. Usithubutu kuweka ile ya mkebe wa alumini hapa, italipuka.

Ikiwa kapasita ni mpya na bado inaguna, pima koili. Ikiwa imekatika, angalia kwanza fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya nyuzi zake, maana hiyo hukatika kabla ya waya wenyewe. Pampu ya maji ya nyumbani ina tabia hizi hizi, ila ikikaa miezi bila kutumika hushika kutu ndani, kwa hiyo zungusha shafti kwa bisibisi kabla ya kulaumu kapasita.

TV ilikuwa nzima, umeme ulipokatika haikurudi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa kapasita haivimbi. Fundi anafungua, anatazama vichwa vyote, vimelala bapa, anasema "kapasita ziko sawa", anaanza kubadilisha IC, yaani chipu.

Pima kwanza kapasita kubwa ya upande wa moto, yaani upande unaopokea umeme wa ukutani, ile ya volti 400 au 450. Mita ikae volti za DC, 600 au 1000. Ukipata sifuri, rudi nyuma: fyuzi, diodi nne, waya wa ukutani. Ukipata karibu 325, upande huo unapokea umeme vizuri. TV kubwa zenye saketi ya kurekebisha mkondo hupanda hadi 380 au 400 zinapowaka, usishtuke. Ukipata 240 au 260 huku ukutani mna 230, kapasita yenyewe kubwa imekauka na haiwezi kushikilia.

Sasa jambo la kuangalia. Chomoa waya ukutani, subiri, pima tena. Ikiwa volti 325 zimebaki pale pale, hazishuki, ina maana hakuna anayezitumia. Pawasaplai, sehemu inayokilisha kifaa umeme, haijaanza kufanya kazi. IC inayoiendesha inahitaji kuamshwa na umeme mdogo unaokusanywa kwenye kapasita ndogo iliyo karibu nayo, mara nyingi mikrofaradi 10 hadi 47, volti 50. Ikishaamka, inajilisha yenyewe kutoka kwenye transfoma. Kapasita hii ikikauka, IC inaamka, inakosa pumzi, inalala. Kifaa ambacho hakijazimwa hata siku moja hakihitaji kuamshwa, ndiyo maana mwenye nacho hakujua kitu mpaka umeme ulipokatika.

Njia ya haraka ya kuhakikisha: joto. Chukua draya ya nywele, puliza upande huo wa bodi dakika mbili, kisha chomeka. Ikiwaka, umepata eneo. Kapasita iliyokauka hupungua ukinzani ikipata joto, ndiyo siri ya ile "asubuhi haitaki, mchana inakubali". Ukiwa na subira, zima, pooza kapasita moja kwa pamba yenye spiriti, jaribu tena, na mwenye kosa atajitaja.

Njia nyingine: zima, ondoa umeme uliobaki, kisha shikiza kapasita nzima ya namba ile ile sambamba na ile unayoishuku, hasi kwa hasi, chanya kwa chanya. Kifaa kikiwaka, badilisha. Ujanja huu hauoni kapasita iliyopiga shoti, lakini zinazopiga shoti ni chache.

Taa ya mbele inakonyeza, haiwaki

Hii ndiyo dalili ambayo vichwa huvimba. Upande wa pili wa transfoma utakuta kapasita za mikrofaradi 470 hadi 2200, volti 10, 16 au 25. Pitisha kidole juu (umeme ukiwa umezimwa na umeondolewa): kichwa kizima ni bapa kabisa, ukihisi kilima hata kidogo, ing'oe. Usisubiri itapike.

Kilichotapika chini uwe nacho makini. Viwanda hushikiza kapasita kwa gundi ya njano ambayo huzeeka ikawa kahawia, na wengi huidhania ni maji ya kapasita. Gundi ni ngumu, inamenyeka kama gamba. Ila hata hiyo usiiache ikiwa imekuwa nyeusi, huko kuzeeka kunaifanya ipitishe umeme na kula shaba. Maji ya kapasita yenyewe yana harufu kama ya samaki, na risasi ya kulehemu iliyo chini yake inakuwa ya kijivu isiyong'aa.

Kabla hujafunga mjadala, tofautisha na ugonjwa unaofanana. Ukisikia sauti lakini kioo ni cheusi, zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi kwa mshazari. Ukiona vivuli vya picha vinatembea, ni taa za LED za nyuma ya kioo, na kapasita hazina hatia. Pia chomoa waya unaokwenda bodi kuu, pima volti za kusubiri, zile zinazobaki TV ikizimwa kwa remoti, nyingi huwa 5. Zikitulia bila bodi na kuanguka ukiirudisha, shoti iko kwenye bodi.

Udhaifu huu si wa vifaa vya bei rahisi peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vingi vilipokea kapasita zenye kimiminika kibovu, na kwenye kompyuta za ofisini kama Dell OptiPlex GX270 kapasita za mazabodi (bodi kuu) zikavimba kwa wingi. Nyingi za kizazi hicho zilikuja kuuzwa huku kama mtumba, na ukifungua moja leo utakuta zile za pembeni mwa prosesa zimenyanyuka kama uyoga.

Sabufa inanguruma

Punguza sauti mpaka sifuri. Mngurumo ukibaki vile vile, kapasita za kuchuja umeme zimechoka, kwa kawaida 2200 au 4700. Ukipotea ukichomoa waya wa kuingizia muziki, shida ni waya au nukta ya ardhi. Sikio lililozoea linatofautisha bila mita: umeme wetu ni mizunguko 50, ukipita kwenye diodi nne unakuwa 100, kwa hiyo mngurumo wa kapasita ni mwembamba kidogo kuliko ule wa waya, una ukali wa nyuki. Besi ikipotea upande mmoja tu, tafuta vijikapasita vya kupitishia sauti. Sauti inayokwaruza ukigonga boksi ni risasi iliyopasuka.

King'amuzi kinajizima na kuanza upya

Usikifungue. Jaribu adapta nyingine ya volti zile zile, ampea zile zile au zaidi, na chanya upande ule ule. Mara nyingi adapta ndiyo yenye kapasita iliyokauka: bila mzigo inasoma 12 safi, ukichomeka king'amuzi inaanguka. Tochi za kuchaji na vifaa vidogo vinavyopunguza umeme kwa kapasita bila transfoma ni jambo jingine. Kapasita ya namna hiyo hupungua mikrofaradi, na kifaa kinakuwa dhaifu. Ibadilishe kwa ya aina ile ile, na ikiwa imeandikwa X2, alama ya daraja la usalama, rudisha X2. Kumbuka tu kwamba vifaa hivyo havijatenganishwa na ukuta, kila chuma unachokigusa ndani kina umeme wa ukutani.

Fyuzi nyeusi

Fyuzi ikiwa nyeusi na kioo chake kimemetameta, weka kapasita chini. Pima diodi nne na transista kubwa. Kapasita ya volti 400 iliyopasuka pamoja na kidude cha bluu kama sarafu karibu na fyuzi inasimulia habari tofauti: waya wa nyutro ulikatika nje na nyumba ikapokea volti karibu 400. Hapo badilisha vyote viwili, lakini mwambie mwenye nyumba aite mafundi wa umeme kabla hujarudisha kifaa, la sivyo utakiona tena kesho.

Kununua na kufunga

Dukani, mikrofaradi ziwe zile zile, volti sawa au juu yake, 105°C, na kwa pawasaplai uombe za ESR ndogo. Angalia pia kipenyo na urefu, maana kapasita nzuri isiyoingia kwenye kava haina maana. Jihadhari na za bandia: mkebe mkubwa umeandikwa 4700, ukiupasua ndani mna kapasita ndogo imelala kama mtoto kwenye kitanda cha baba yake. Ipime palepale dukani. Kuzidi au kupungua asilimia 20 ni kawaida, nusu ni wizi. Ile uliyoing'oa kwenye bodi nyingine haifai, imekwishazeeka kama mwenzake.

Mstari ubavuni mwa mkebe ni hasi. Kwenye kapasita ndogo za tantalamu mstari ni chanya, na hapo ndipo wanafunzi wangu wote wamewahi kuchoma moja. Usiamini mchoro wa bodi kwa macho, piga picha kwa simu kabla ya kung'oa. Risasi ya kiwandani ni ngumu kuyeyuka; ongeza risasi mpya kidogo juu yake, iyeyuke pamoja, ndipo unyonye kwa pampu. Mguu wa hasi uliolala kwenye shaba pana hunyonya joto, upe sekunde zaidi, usiuvute kwa nguvu, utang'oka na tundu lake. Futa mabaki ya maji ya kapasita kwa spiriti na mswaki, hata pale usipoyaona.

Mimi huandika mwezi na mwaka juu ya kapasita mpya kwa kalamu ya wino mzito, na ya zamani humrudishia mteja kwenye kijifuko. Kisha kifaa hakiondoki siku hiyo. Kukijaribu kikiwa na joto la mezani hakuthibitishi kitu.

TV ya yule mama ililala kwangu bila umeme usiku kucha. Asubuhi, kabla ya chai, nikaichomeka. Taa nyekundu ikawaka, ikatulia. Nikabonyeza remoti mara moja.